Behewa la makaa la tani 16: shajara ya matengenezo, Februari hadi Oktoba 2025

8 Februari

Behewa limeingia karakanani. Tangu liletwe kwetu lilikuwa limesimama kwenye njia ya pembeni nyuma ya banda la injini, mvua yake, jua lake, na majani yalikwisha kuota sakafuni. Sasa liko ndani, juu ya reli iliyonyooka, na kuanzia leo nitaandika kila hatua ya maana ili wenzangu wapenda reli wanaosoma Kiswahili nao wafuatilie.

Ni behewa la wazi la kubebea makaa ya mawe, la chuma, magurudumu manne, uwezo wa tani 16. Fremu yake ina urefu wa futi 16 na nusu, yaani mita tano na kidogo, na kutoka ekseli moja hadi nyingine ni futi 9. Likiwa tupu lina uzito wa tani 7 hivi. Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka 1948, shirika jipya la British Railways lilirithi malaki ya mabehewa ya mbao yaliyokuwa mali ya machimbo na wafanyabiashara wa makaa, mengi yakiwa yamechoka kwa kazi ya miaka ya vita. Badala yake likachukua muundo huu wa chuma uliozaliwa wakati huohuo wa vita, na katika miaka ya 1950 karakana za shirika kama Derby, pamoja na viwanda binafsi kama Pressed Steel na Charles Roberts, vikayamwaga mabehewa haya relini. Ya aina ya kwetu peke yake yalitengenezwa zaidi ya laki mbili.

Linganisha na injini. Injini za mvuke za miundo mipya ya shirika hilo zilikuwa 999 tu, ya mwisho ikitoka mwaka 1960, na zilizosalia kila moja ina wapenzi wake, michango yake na picha zake. Behewa lililovuta jasho la nchi nzima likauzwa kama chuma chakavu, na yaliyobaki ni machache sana. Reli za urithi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea zilianzia Wales mwaka 1951, kwenye reli ya Talyllyn, na tangu hapo macho ya wengi yamekuwa kwenye injini. Mimi naamini injini bila mzigo inaeleza nusu tu ya habari. Treni iliwekwa ili ibebe kitu, na kwa muda mrefu nchini humu kitu hicho kilikuwa makaa.

Tupo katikati ya Uingereza, si mbali na Leicester ninakoishi. Sisi ni kikundi cha wikendi, na karakana ni ya kuazima.

1 Machi

Kazi ya wiki hizi ilikuwa kupima tu, hakuna kilichokatwa.

Makaa yana salfa, na salfa ikikutana na maji huzaa asidi. Behewa lililobeba makaa yenye maji miaka nenda rudi huliwa kutoka ndani, na huliwa zaidi pale vumbi linapojikusanya: kwenye pembe za sakafu, nyuma ya bawaba za milango, na kwenye mshono ambapo ubavu unakutana na sakafu. Ndivyo tulivyolikuta. Tumepita na kipimo cha mawimbi ya sauti, kile unachobandika juu ya bamba ukasoma unene bila kulitoboa. Katikati ya ubavu chuma bado ni kizima, zaidi ya milimita nne. Ukishuka shubiri moja kutoka sakafuni unasoma milimita mbili, na kwenye pembe ya upande wa mlango wa kichwa bisibisi ilipenya kwa nguvu ya mkono tu.

Fremu ya chini ndiyo iliyotufurahisha. Tumeigonga kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa mlio wa kufa. Mihimili yote miwili mirefu inalia vizuri. Mihimili ya vichwani, ile inayoshika ndoano na bafa, yaani vikingio vya kupokea mgongano, ina kutu ya juujuu. Bafa moja imekwama ndani na haitoki, lakini hilo ni jambo la mafuta, moto kidogo na subira.

Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo tumekubaliana: hakuna kugusa grainda juu ya rangi ya zamani, barakoa zinazofaa muda wote, na vumbi lote linakusanywa likiwa na unyevu. Kijana aliyejiunga nasi mwezi uliopita alishangaa kuona watu wanasugua behewa kwa maji. Akaonyeshwa sababu.

22 Machi

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri. Rangi ya juu kabisa ilikuwa kahawia iliyopauka, iliyopakwa ovyo baada ya behewa kutoka katika huduma ya reli. Chini yake tulijua lazima pawe na kijivu, maana mabehewa yasiyo na breki ya treni, ile inayoendeshwa kutoka kwenye injini kwa bomba, yalipakwa kijivu, na yale yenye breki ya vakyumu yakapakwa rangi ya udongo mwekundu. Nikachukua msasa laini uliolowa na kusugua pole pole sehemu isiyozidi kiganja, karibu na kona ya chini ya ubavu. Kahawia ikaondoka, kijivu kikaja, na ndani ya kijivu ikajitokeza kona ya mstatili mweusi. Nikafuata ukingo wake. Ukatokea mkunjo mweupe, ukawa tumbo la tarakimu, na kushoto kabisa ikasimama herufi B.

Herufi hiyo ina maana yake. Mabehewa yaliyorithiwa kutoka kampuni za zamani yalipewa herufi za asili yake, na yale yaliyokuwa mali ya watu binafsi yakapewa P. B ni ya yale yaliyozaliwa na shirika lenyewe. Namba nzima sasa inasomeka, na inalingana na kibao cha chuma kwenye fremu chenye jina la mtengenezaji na mwaka. Mara nyingi hailingani, kwa sababu miili na fremu zilibadilishwa katika matengenezo, kwa hiyo kupata mwili na fremu vilivyoanza maisha pamoja ni bahati.

Juu kidogo ya namba tumekuta herufi tatu ndogo zilizoongezwa baadaye: MCO. Hiyo ni alama ya kompyuta. Kuanzia mwaka 1973 reli za Uingereza zilianza kutumia mfumo wa TOPS, ulionunuliwa kutoka kampuni ya reli ya Southern Pacific ya Marekani, ili ijulikane kila behewa liko wapi na limebeba nini. M ni ya mabehewa ya madini, na O inasema halina breki inayoendeshwa kutoka kwenye injini.

Tukaingia kwenye mjadala. Kwenye ubavu wa kulia kuna kiraka cha chuma cha mraba kilichochomelewa zamani, mshono wake mnene kama kidole, na pembeni yake maandishi ya stensili yaliyofifia yenye tarehe ya matengenezo. Wenzetu wawili walitaka ubavu wote ukatwe na kuwekwa bamba jipya laini, behewa lionekane kama siku lilipotoka kiwandani. Mimi nilikataa, na nilikataa kwa moyo wote. Siku ya kiwandani ni siku moja. Kiraka ni ushahidi kwamba lilipasuka likiwa kazini, likaingizwa karakanani, fundi akaliziba na kuliachia lirudi kuchukua makaa.

Tuna mzee hapa aliyezaliwa Kisumu, akaanza kazi ya ufundi katika reli ya Afrika Mashariki mjini Nairobi kabla ya kuhamia Leicester, mji wenye familia nyingi za asili ya Kihindi zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mimi na yeye huongea Kiswahili tukiwa kazini. Alikuja akainama, akapitisha kidole juu ya mshono, akanyamaza kidogo.

“Hii usitoe, bwana,” akaniambia. “Hii ni kazi ya mtu. Hata sisi kule Nairobi, behewa ikitoka kwa karakana tunaandika tarehe na mahali. Ukitoa hiyo, nani atajua ilikuwa imeumia?”

“Na ile sehemu ya chini iliyooza, Mzee?”

“Hiyo imeoza, toa. Imeoza si kazi ya mtu.”

Wenzetu wakataka kujua amesema nini, nikawatafsiria. Tumekubaliana hivyo: kilichooza kinatoka, kiraka kinabaki.

12 Aprili

Mabamba mapya yamefika. Kampuni iliyotuuzia ilikata mawili kinyume cha mchoro, tukayarudisha na kupoteza wiki kadhaa.

Hatubadilishi ubavu mzima. Tunakata ukanda wa chini tu, kuanzia sakafuni hadi pale kipimo kinaposoma chuma kizima, na kuingiza ukanda mpya wa unene uleule. Mshono unachomelewa kwa vipande vifupi, huku kimoja, kule kingine, ukiacha kipoe kabla ya kurudi, kwa sababu bamba refu likipata joto mfululizo hujikunja na ubavu hutoka na mawimbi. Ni kazi ya kuchosha, lakini baada ya kuweka rula ndefu ubavuni mwanga haupenyi.

Sakafu imebadilishwa nusu yake. Hapa nimesisitiza jambo moja ambalo si la asili: tumetoboa matundu madogo ya kutolea maji kwenye pembe zote nne, yenye vichujio vya waya. Behewa la kazini lilijazwa na kumwagwa kila mara, kwa hiyo maji hayakupata muda wa kulala. Behewa la urithi husimama wiki kwa wiki likikinga mvua, na hayo maji ndiyo yanayoyaua yaliyobaki. Matundu hayaonekani ukiwa chini.

10 Mei

Leo mwili umeinuliwa kwa jeki nne na magurudumu yametolewa. Nitakaa hapa kidogo, maana masanduku ya ekseli ndiyo roho ya behewa.

Watu wengi hudhani ndani yake mna beringi za kuzunguka, za gololi au za rola. Hamna. Ekseli inatokeza nje ya gurudumu kwa shingo laini ya chuma, na juu ya shingo hiyo hukaa kipande kizito cha shaba kilichopindwa nusu duara, chenye bitana la metali nyeupe, mchanganyiko laini wenye bati ndani yake. Uzito wote wa behewa na mzigo, tani 23 hivi likijaa, unashuka kupitia springi na kukalia vipande vinne kama hicho. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa mafuta. Chini ya shingo kuna pedi ya sufu inayosukumwa juu kwa springi ndogo; nyuzi zake zinaning’inia ndani ya kisima cha mafuta, zinanyonya, na shingo ikizunguka inajipaka yenyewe. Behewa likisimama, mafuta hutiririka chini. Likianza kuondoka, mizunguko ya kwanza ni migumu, halafu utando unarudi na shingo inaelea juu yake.

Sasa fikiria pedi imekauka, au mchanga umeingia kupitia nyuma ya sanduku. Metali nyeupe ni laini kwa makusudi, ili uchafu uzame ndani yake badala ya kukwaruza ekseli. Lakini joto likizidi huyeyuka, shaba inakutana na chuma, na moshi unaanza kutoka. Ndiyo maana wafanyakazi wa vituo vya ishara walitakiwa kuitazama kila treni inavyopita mbele yao. Sanduku lililoachwa liwake lingeweza kukata shingo ya ekseli na kuangusha treni.

Masanduku matatu yalikuwa salama. La nne, nyuma kushoto, lilikuwa na maji badala ya mafuta, na bitana lilikuwa limepasuka na kuachana na shaba. Shingo ya ekseli, namshukuru Mungu, ilikuwa na madoa ya kutu tu, na tumeing’arisha kwa kitambaa cha msasa kilichovutwa huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi.

Bitana jipya tumelimimina wenyewe tukisimamiwa na fundi mwenye uzoefu. Shaba inasafishwa mpaka inang’aa, inapakwa bati ili metali ishike, inapashwa moto pamoja na kalibu, na metali inamiminwa kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ukisita unaacha mshono ndani. Ikishapoa inakerezwa karibu na kipimo. Baada ya hapo ni mkono. Unapaka shingo rangi ya buluu ya mafundi, nyembamba sana, unaweka shaba juu, unaizungusha kidogo, unaitoa na kuitazama. Palipogusa pana buluu. Unapakwangua hapo kwa kikwangulio, unyoya mmoja mmoja, kisha unarudia. Mara ya kwanza buluu ilikaa kwenye ukingo mmoja tu. Jioni madoa yalikuwa yameenea katikati kote, na fundi akatikisa kichwa kukubali.

7 Juni

Springi za mabamba zimerudi kutoka kupimwa, zote zinafaa. Magurudumu yamerudishwa, masanduku yamejazwa mafuta, pedi zote nne ni mpya. Bafa iliyokwama imetoka.

5 Julai

Breki. Behewa hili halina breki ya treni hata kidogo. Halikuunganishwa na injini kwa bomba lolote. Lina breki ya mkono tu, na kuielewa kunahitaji utembee kulizunguka.

Simama ubavuni ukilitazama: wenzo mrefu wa breki unaishia upande wa mkono wako wa kulia. Zunguka upande wa pili, nako pia unaishia kulia kwako. Ndivyo kanuni za mwaka 1911 zilivyotaka, ili mfanyakazi anayekimbia kando ya treni usiku ajue mkono uende wapi bila kutafuta. Lakini kuna tatizo. Ukiwa juu ya behewa utaona nyenzo hizo mbili zinaelekea vichwa viwili tofauti, na zote zimefungwa kwenye mhimili mmoja unaopita chini kutoka ubavu hadi ubavu. Ukikandamiza wa upande huu, mhimili unazunguka kufuata mshale wa saa. Ukikandamiza wa upande wa pili, utazunguka kinyume cha saa, na breki zitaachia badala ya kukamata.

Dawa yake ni klachi ya Morton. Ni vipande viwili vya chuma vya kalibu vyenye meno, vilivyowekwa upande mmoja tu. Wenzo wa upande huo haukushikana na mhimili moja kwa moja. Unasukuma kipande kimoja, nacho kinausukuma mwenzake kwa pembe ya jino lake kiasi kwamba mhimili unazunguka kule tunakotaka. Hakuna springi wala waya. Klachi ikitoka kiwandani ilitakiwa ifanye kazi kwenye matope, vumbi la makaa na barafu kwa miaka mingi bila mtu kuifungua, na imefanya. Ya kwetu ilikuwa imegandamana kwa kutu na grisi ya kale, lakini baada ya kuitenganisha na kuisafisha tumekuta meno yake bado yana ukingo. Pini na bushi za vijiti vya kusukuma viatu vya breki ndizo tulizobadilisha, maana zilikuwa zimechakaa kiasi cha kula nusu ya safari ya wenzo.

Sasa ukiukandamiza wenzo kwa uzito wa mwili na kuchomeka pini kwenye tundu la juu yake, viatu vinabana gurudumu na behewa halisogei hata tukilisukuma watu sita. Mzee alijaribu pande zote mbili, akaniambia kwao, kwenye reli ya mita moja, treni nzima ilikamatwa na dereva, na kwamba anawahurumia magadi wa huku, yaani wafanyakazi wa treni waliosafiri katika behewa la nyuma kabisa na kusimamia breki.

Na kweli ilikuwa kazi ya kuhurumiwa. Treni ya mabehewa 40 ya aina hii ilizuiwa na breki za injini mbele na behewa la gadi la tani 20 nyuma, basi. Kabla ya mteremko mkali palikuwa na kibao kinachoagiza treni isimame. Gadi akashuka na fimbo yake, akatembea kando ya treni akikandamiza nyenzo na kuchomeka pini, behewa baada ya behewa, mpaka dereva ahisi uzito umeshikwa. Chini ya mteremko wakasimama tena kuzifungua zote. Mvua, theluji, usiku.

16 Agosti

Milango na rangi.

Behewa lina mlango kila ubavu, na mmoja kwenye kichwa kimoja tu. Ya ubavuni ilikuwa ya mfanyabiashara wa makaa wa kituo kidogo, aliyeangusha mlango akaanza kupakua kwa sepetu na kujaza magunia. Wa kichwani una bawaba juu, na ulikuwa wa bandarini na viwandani: behewa lilisukumwa juu ya jukwaa, likainuliwa upande mmoja, mlango ukafunguka kwa uzito wa mzigo na tani 16 zikaporomoka melini. Ukiliingiza behewa kwenye jukwaa kinyume, halimwagiki. Ndiyo sababu ya ule mstari mweupe wa mshazari ubavuni, ambao wageni wengi huuona kama pambo. Ncha yake ya juu inaelekeza kichwa chenye mlango, na mtu wa kupanga treni aliweza kuuona kutoka mbali. Tumeupaka tena kwa kufuata kivuli cha mstari wa zamani, pamoja na kasoro yake: umepinda kidogo karibu na bawaba, na tumeuacha upinde.

Mwili umepata rangi mbili za kuzuia kutu na kijivu juu. Namba na maandishi vimechorwa kwa mkono kutoka kwenye nakala tulizochukua mwezi Machi. Kiraka kimepakwa kijivu kama sehemu nyingine, na tarehe ya stensili imerudishwa mahali pake. Lile dirisha dogo la rangi ya zamani nililolifungua kwa msasa limefunikwa kwa vanishi na kuachwa lionekane.

Tulizungumza pia kuhusu mzigo. Baadhi ya reli hutengeneza sakafu ya uongo karibu na ukingo wa juu na kutandaza makaa kidogo, behewa lionekane limejaa. Mimi nimependekeza liende tupu, na pendekezo limepita. Nusu ya maisha yake lilikuwa tupu, likirudi machimboni. Tena makaa yenyewe sasa ni mali ya shida. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu nchini, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024, na minara yake ya kupoozea maji bado tunaiona tukipita barabara ya kwenda Nottingham. Reli za urithi zenye injini za mvuke zinaagiza makaa kutoka nje ya nchi, katika nchi iliyochimba tani milioni 287 mwaka 1913. Kuyamwaga makaa hayo ndani ya behewa ili yapigwe picha naona si haki.

Kituo kama Ratcliffe, kwa njia, ndicho kilicholimaliza behewa letu. Vituo vikubwa vilivyojengwa kuanzia miaka ya 1960 vililetewa makaa kwa treni za mabehewa makubwa ya tani 32, yanayofunguka chini na kumwaga mzigo huku treni ikitembea polepole bila kusimama. Hakuna jukwaa, hakuna sepetu, hakuna mtu wa kutafuta mstari mweupe. Behewa la tani 16 likabaki na wateja wadogo, nao wakapungua mmoja mmoja.

20 Septemba

Ukaguzi umepita. Mkaguzi alipima upana kati ya magurudumu, urefu wa bafa kutoka relini, pini zote za usalama na pete tatu za mnyororo wa kuunganishia. Kisha behewa likavutwa na injini ndogo ya dizeli hadi mwisho wa njia na kurudi, kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, halafu haraka kidogo. Kila tuliposimama niliweka kiganja juu ya masanduku. Matatu yalikuwa baridi. La nyuma kushoto, lenye bitana jipya, lilikuwa vuguvugu, kama ilivyotarajiwa kwa beringi inayojikalisha. Safari ya mwisho halikuwa na tofauti na mengine.

11 Oktoba

Behewa limekuwa kwenye treni ya maonyesho kwa mara ya kwanza, la tatu kutoka mbele, pamoja na mengine machache ya aina yake na behewa la gadi nyuma. Anayetaka kuona treni ndefu ya namna hii aende reli ya urithi ya Great Central, kati ya Loughborough na Leicester, ambako wana msururu mzuri wa mabehewa ya tani 16 na njia mbili za reli za kuyapitishia. Reli hiyo ndiyo iliyopitisha zamani treni maarufu za makaa kutoka Annesley hadi Woodford Halse, zikivutwa kwa kasi iliyowashangaza hata wenye reli.

Yetu ilikuwa fupi, lakini ilitosha kuonyesha jambo ambalo picha haiwezi. Mnyororo wa pete tatu una ulegevu. Dereva anayejua kazi hafungui mvuke kwa pupa; anasogea inchi chache, mnyororo wa kwanza unakaza, wa pili, wa tatu, na unasikia mlio ukikimbia kutoka mbele hadi nyuma mpaka unamfikia gadi. Akianza kufunga breki, bafa zinagongana kwa mpangilio huohuo. Kazi ya gadi ni kushika breki yake ya mkono kwa kiasi ili minyororo ibaki imekaza, maana mtikiso ukimfikia wote kwa pamoja unaweza kumwangusha, na mnyororo unaweza kukatika. Watoto waliokuwa jukwaani walianza kuuiga mlio huo kabla treni haijatoka kituoni. Baba mmoja aliuliza ule mraba wa chuma ubavuni ni wa nini, na nikapata nafasi ya kumweleza habari ya kiraka.

Pini ya mlango wa ubavu wa kushoto imeanza kutikisika, itabadilishwa kabla ya safari nyingine. Majira ya baridi behewa litakaa chini ya turubai lililoinuliwa katikati ili maji yatiririke. Sanduku la nyuma kushoto litafunguliwa tena Januari, tutoe shaba, tupake buluu na kuona bitana limekaaje baada ya kazi. Matokeo nitayaandika hapahapa.